Mlango wa Jiko la Mama

Kazi yangu ni kupiga picha za watu, na wateja wangu ni wa aina mbili tu: wanaooa na wanaozikwa. Mtu mwenye kamera hapa Kisumu halali njaa. Wiki hii uko Milimani ukimsihi bwana harusi atabasamu kidogo, si yeye anayezikwa. Wiki ijayo uko Ahero ukiwapanga wajukuu nyuma ya jeneza na kuwaambia wasitabasamu. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na mdomo wangu huu umenipatia wateja na kunifukuzia wengine.

Sasa sikia kioja. Mama yangu mzazi alipofariki, mimi mpiga picha sikuwa na picha yake. Si ndugu, si jirani, hakuna aliyekuwa nayo. Mama akiona kamera alikuwa anainuka na kwenda kuangalia kuku. Ukimbembeleza anakuambia, "Niache, nyathina, mimi si maua." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na kwa jinsi alivyolitamka hukuthubutu kumfuata. Basi kwa mazishi tukachukua picha ya kitambulisho, fundi wa mabango akaikuza ikawa kubwa kama mlango. Ilipotundikwa nyumbani kwetu Nyakach, haikuwa uso tena. Ilikuwa madoa. Nilisimama mbele yake na kamera yangu shingoni, nikajiuliza, jameni, huyu ni nani?

Hapo ndipo uso wa mama uliponitoka. Sisemi kwa mafumbo. Nikifumba macho nimwone, nayaona yale madoa. Sauti yake niliikumbuka, mwendo wake niliukumbuka, lakini juu ya shingo palikuwa na madoa. Nikirudi kazini, nikielekeza lenzi kwenye uso wa bibi harusi, hofu inanishika kwamba nao utavunjikavunjika vilevile mbele yangu. Nikaanza kuwapa wenzangu kazi zangu, na mimi kila nilipopata nafasi nikashika barabara ya kwetu, nipite Katito, nishuke Pap Onditi, nikakae katika nyumba ya mama.

Nyumba yenyewe ilikuwa bado kama alivyoiacha. Kwetu vitu vya marehemu havigawiwi ovyo. Inawekwa siku, wanawake wa boma wanakaa uani, vitu vinatolewa nje, na dada wa marehemu ndiye anayegawa. Siku hiyo ilikuwa haijafika. Nikasema, kama sina uso wake, basi nitapiga picha ya kila kitu alichokishika, nikipige karibu kabisa, kabla hakijatawanyika.

Lenzi ya picha za karibu inasogea mpaka inakaribia kukigusa kitu chenyewe. Uzi mmoja wa blanketi unajaza picha nzima. Rangi nikaziondoa. Nyumba ya mama ilikuwa imejaa rangi za plastiki, beseni la kijani, jagi la chungwa, na rangi zile zinapiga kelele mpaka unaona duka badala ya mtu. Ukibakiza nyeusi na nyeupe, kinachoonekana ni mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo niliyoitaka. Niliweka meza karibu na dirisha, nikatandika koti kuukuu la marehemu baba liwe weusi wa nyuma, nikaanza na kitana. Kilikuwa na unywele mmoja wa mvi, umejizungusha kwenye meno mawili. Nikapiga ukingo wa kikombe cha enameli pale midomo yake ilipopalamba rangi ikaisha. Nikapiga pini aliyofungia blauzi, imepinda.

Kilichonitia baridi ni sabuni. Kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia, kimekauka na kupasuka, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zimo, vinne ubavuni, vimezama. Mdudu mmoja wa ziwa, wale wanaopanda kutoka majini wakati wao wakafunika kuta zote, alikuwa amenasa katikati ya alama hizo na mabawa yake mazima. Kwenye kioo cha kamera ilionekana kana kwamba mama ameiweka chini sasa hivi na anarudi kuichukua. Picha za namna hii hazitaki hata upumue, pumzi tu inaharibu. Kwa hiyo nilibana pumzi. Na nilipobana, nikasikia mtu mwingine akipumua.

Yawa! Nusura niangushe kamera ziwani, na ziwa liko mbali.

Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, amesimama mlangoni. Wao ndio wanaoishi pale bomani, na yeye ndiye aliyemuuguza mama kifua kilipombana, akimwinua, akimsugua mgongo, akimwaga makohozi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko.

"Wifi, unapiga picha sabuni?"

"Napiga."

"Hiyo sasa utamuuzia nani?"

"Wewe ingia, usinichungulie kama mchawi. Umefanya nini mkono?"

Hakuingia. Alikaa pale kizingitini akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusahau sabuni. Baada ya mazishi alikuwa ameanza kupika katika jiko la mama, ile nyumba ndogo ya udongo ya uani, kwa vyombo vya mama. Mwiko ukamkataa. Ndivyo alivyosema. Kila akisonga ugali, mwiko unageuka mkononi. Unaushika vizuri, unasonga mara moja, mara ya pili unajipindua. Siku wanawake wa kanisa walipokuja kuomba, mwiko ukageuka ugali ukiwa bado uji, ukamrukia mkononi. Ngozi ikatoka mbele ya macho yao. Mmoja wao akautwaa ajaribu, ukamgeukia na yeye. Wakauacha pale pale na kuanza kukemea mapepo.

"Sasa wanasema mama amenikataa," akasema. "Wanasema alikufa na kinyongo na mimi, kwa sababu ya dirisha."

La dirisha nililijua, boma zima lililijua. Jiko la mama halikuwa na dirisha, na mama alipokuwa akisonga ugali alikuwa anafunga mlango. Tangu sisi watoto. Tulikuwa tunakaa nje tunaona moshi ukipenya juu ya ukuta, tunamsikia akikohoa, na ole wako usukume mlango. Tulizoea, tukadhani ndivyo akina mama walivyo. Kikohozi kilipozidi, wifi akamwomba akubali kutobolewa japo kadirisha kadogo moshi utoke. Mama akakataa. Wifi akaita fundi bila kumwambia, na fundi alipofika na sururu, mama alitoka amefura akamfukuza, kisha akamgeukia mkaza mwanawe mbele ya watu: "Nikifa utatoboa unavyotaka. Nikiwa hai jiko ni langu." Hawakupatana vizuri tena mpaka mama akazidiwa, na alipozidiwa hakuwa na nguvu ya kupatana wala kugombana.

"Mama mdogo amesema siku ya kugawa vitu mwiko utachomwa," wifi akaendelea, "na mimi niende kwetu kwanza, mpaka wazee watakapoona mambo yamepoa. Wifi, nikuambie ukweli. Mtu anayetolewa bomani kwa sababu ya maiti harudi. Nikitoka, nimetoka."

"Na kaka anasema nini?"

"Kaka yako anasema tuheshimu wakubwa."

Kaka yangu huyo. Ukimtuma akalete mvua atakuambia tusubiri wingu.

Niliuomba huo mwiko. Ulikuwa umetundikwa peke yake nyuma ya jiko, mbali na vyombo vingine, na wifi alikataa kuushika, nikaenda kuutwaa mwenyewe. Ulikuwa mwiko wa kawaida kabisa, bapa, mweusi kwa moshi. Niliuweka juu ya koti la baba nikausogezea lenzi. Sikuwa na nia ya kuchunguza lolote, nilitaka tu picha yake kabla hawajauchoma. Nikapiga bapa lake, nikapiga ncha, nikapiga mpini. Kisha nikakaa kitini nikaziangalia picha moja baada ya nyingine.

Mbao inayosugua sufuria miaka na miaka inalika, na inalika upande mmoja. Ule mwiko ulikuwa umelika sana, pembe moja imeisha kabisa, imekuwa mshazari. Kwenye mpini, katika ule mwanga wa ubavu uliotoka dirishani, kilionekana kishimo laini ambacho jicho tupu halikukiona, kimechimbwa na kidole gumba. Nikauchukua nikauweka mkononi, kidole changu kikatafuta kile kishimo chenyewe bila kuambiwa. Mwiko ukapinduka. Nikajaribu tena, ukapinduka tena. Nywele zilinisimama, sitaki uongo. Pale mezani vitu vya mama vyote vilikuwa vimepangwa, kitana, pini, kikombe, nikahisi vinanitazama.

Nikauhamishia mkono wa kushoto ili nifute jasho la ule wa kulia kwenye sketi. Ukatulia. Kidole kikaingia kishimoni, bapa likalala sawasawa, pembe iliyolika ikaelekea chini mahali pake. Nikausukuma hewani kama mtu anayesonga. Haukugeuka.

Mimi nilizaliwa wa kushoto. Hili huwa sisemi kwa sababu hakuna anayeweza kuliona tena. Nilipokuwa mdogo mama alichana kipande cha leso akanifunga mkono wa kushoto mgongoni, akanifundisha kula, kuandika, kusalimu, kushika jembe, vyote kwa mkono wa kulia. Nililia mpaka sauti ikaniisha. Alikuwa mama mpole kwa mambo mengine yote, lakini kwa hilo alikuwa jiwe, na nilikuwa na chuki naye kwa hilo mpaka nikawa mtu mzima. Sasa nimekaa kwenye kiti chake na mwiko wake umetulia kwenye mkono ule alioufunga.

Nilikwenda Sondu kwa mama mdogo, ndiye dada aliyemfuata mama kuzaliwa. Anauza maharagwe na mtama pale sokoni. Nilimkuta amekaa kati ya magunia, nikamsalimu kwa adabu zote, kisha nikampa simu aione picha ya mpini. Aliiangalia kwa muda mrefu. Nilidhani haelewi, nikaanza kumweleza hiki ni kishimo, hiki ni mshazari.

"Nyamaza," akasema. "Naona."

Akamwambia jirani amwangalizie biashara, akanivuta nyuma ya kibanda. Alikuwa hajui habari za mwiko kulika, lakini mkono wa dada yake aliujua. Akanisimulia kwa sauti ya chini, akiangalia huku na huku, na mwenye siri alikuwa kaburini. Mama alizaliwa wa kushoto. Kwao walimpaka pilipili kwenye vidole, wakamfunga kwa kamba ya katani, akajifunza yote kwa mkono wa kulia isipokuwa kusonga ugali. Ugali haukukubali. Kwa mkono wa kulia ulitoka na madonge, watu wakamcheka. Na katika boma alikoolewa, boma letu hili, mama mkwe wake alikuwa amemrudisha kwao bibi harusi mwingine kwa kumpa mgeni maji kwa mkono wa kushoto. Ni matusi hayo, ni kumwambia mgeni huna thamani. Sembuse chakula cha mume na wakwe!

"Kwa hiyo akawa anafunga mlango," nikasema.

"Akawa anafunga mlango. Aliniapisha. Alisema wakijua hawatakula chakula chake, na mwanamke ambaye chakula chake hakiliwi si mke wa mtu."

"Moshi ule, mama mdogo. Kifua kile!"

"Unafikiri mimi sikumwambia?" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nilimwambia atoboe hata tundu. Akasema tundu lina macho."

Nikamwambia basi imekwisha, mwiko hauna pepo, wifi hana hatia, tuwaambie watu. Akanishika mkono kwa nguvu nisizojua anazo.

"Nyathina, siri ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha akitangaza, nani atamwita tena? Dada yangu alikaa ndani ya moshi maisha yake yote ili wasimwone. Wewe unataka umtoe nje wamtazame?"

"Na wifi je? Aende kwao bure?"

"Yeye bado kijana. Wafu hawana pa kwenda."

Niliondoka pale nimewaka. Nilimkasirikia mama mdogo, nikamkasirikia nyanya niliyemjua kwa kaburi tu, nikamkasirikia kaka, lakini zaidi nilimkasirikia mama. Kumbe kile kipande cha leso hakikuwa ukatili. Alikuwa ananiepusha na jiko lenye mlango uliofungwa. Lakini si angeniambia! Mara moja tu, tukiwa wawili! Na upande mwingine nilijua mama mdogo hasemi upuuzi. Kama kuna kitu mama alikitaka duniani, ni hicho, wasijue. Ili wifi abaki, lazima nikivunje. Nilikaa nalo hilo nyumbani kwangu Migosi, nikizitazama picha zile nyeusi na nyeupe ukutani, na kila kitu kilikuwa na mkono ndani yake. Alama zile nne za sabuni nazo, nilipoziangalia vizuri, zilikuwa za mkono wa kushoto. Niliigeuza picha hiyo ikatazama ukuta, kisha nikaigeuza tena, maana ikiwa imegeuka ilinitisha zaidi.

Nikajidanganya kuna njia ya katikati. Nikachapisha picha ya mwiko, kubwa, kwa fundi yuleyule wa mabango, nikasema nitaiweka mbele yao, mwenye macho ataelewa, na mimi sitakuwa nimefungua mdomo.

Siku ya kugawa ikafika. Wanawake walikaa uani juu ya mikeka, majirani na watu wa kanisa na mjane mmoja mzee sana wa boma la pili, wa rika la nyanya yangu, ambaye kila mtu pale anamwita dana, yaani bibi. Vitu vya mama vilitolewa kimoja kimoja, mablanketi, beseni, jagi, vikapu. Mama mdogo aligawa bila kunitazama. Nyuma ya ghala moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, na mwiko ulikuwa chini kando yake. Begi la wifi lilikuwa mlangoni kwake. Yeye alikuwa amekaa pembeni amevaa viatu vya safari. Kaka alikuwa anaitazama kofia yake.

Nikakunjua picha yangu mkekani. Ikapita mkono kwa mkono. Wakaigeuza juu chini.

"Hii ni ule mlima wetu wa Nyakach?" akauliza mmoja.

"Ni korongo," akasema mwingine. "Huoni maji yamekula?"

"Picha nzuri," wakasema. "Asante sana." Wakaniandalia nafasi ya kukaa. Basi hiyo ndiyo akili yangu yote ya kamera, na mwiko wenyewe uko pale, hatua chache kutoka motoni.

Samaki walikuwa tayari, mboga tayari. Ugali ulikuwa bado, kwa sababu wifi alikatazwa na wengine waliogopa kuingia lile jiko. Mama mdogo akainuka aende kwenye moto. Mimi nikainuka haraka zaidi. Niliuokota mwiko, nikaingia jikoni, nikasukuma mlango mpaka mwisho na kuuwekea jiwe usirudi. Maji yalikuwa yanachemka. Nikatia unga. Nikaushika mwiko kwa mkono wa kushoto, mbele ya mlango, watu wote wakiniona, nikaanza kusonga.

Sijawahi kusonga ugali kwa mkono huo. Mkono ulijua. Kidole changu kiliingia pale chake kilipochimba, na niwaambie kama nilivyomwambia kasisi aliyeniuliza, kilikuwa na joto ambalo si la moto. Nilisikia minong'ono uani. Nikasonga mpaka ugali ukashika, nikaugeuza, nikaubana, sikuinua kichwa. Nilipouinua, wote walikuwa wamegeuka kunitazama, na mama mdogo alikuwa ameshika kinywa.

"Mwiko hauna neno," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwiko ni wa mkono wa kushoto. Mama alikuwa wa kushoto. Ndiyo maana alifunga mlango, ndiyo maana alikataa dirisha. Hakuwa na kinyongo na huyu. Alikuwa anawaogopa nyinyi."

 Niliupakua ugali kwenye sinia nikauweka katikati ya mkeka, unafuka moshi. Mikono ikabaki mapajani. Nikawaza, basi, nimemuua mara ya pili, na sasa watainuka mmoja mmoja wajifanye wana kazi nyumbani.

Dana alikuwa ananikazia macho, macho yake yana ukungu.

"Mama yako alisonga hivyo?"

"Hivyo, dana."

"Miaka yote? Hata matanga ya mume wangu, alipotupikia?"

"Miaka yote."

Alifikiri. Alichukua muda wake, maana wazee hawakimbizwi.

"Basi nimeshiba mkono wa kushoto miaka yote, na sijafa," akasema. "Nileteeni maji ninawe. Na samaki nani kamficha?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Maji yakaletwa. Dana akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Mama mdogo akafuata, akala huku analia. Wa kanisa wakaangaliana, mmoja akasema hata hivyo chakula kimekwisha ombewa, wakanawa. Kaka akaja na kofia yake mkononi, akala amesimama. Wifi alikuwa wa mwisho. Alikula kwa mkono wenye kovu, taratibu, na alipomaliza alikwenda akalichukua begi lake akalirudisha ndani bila kumwomba mtu ruhusa.

Walikula wote. Mazungumzo yakarudi kwenye bei ya unga na mafuriko ya Nyando, wakabishana nani apewe beseni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu yangu tayari, makali. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

Nikarudi jikoni. Moshi ulikuwa unatoka kwa mlango ulio wazi, polepole, unakwenda zake. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, na kilio kilichonitoka kilikuwa cha hasira tupu, kumbe moshi wote ule aliumeza bure. Nje dana alikuwa anaita, anataka ukoko, anauliza kama mle ndani nimelala.

Nikamwambia mama, kwa sauti, hata kama wangenisikia na kuniona kichaa, "Mama, wamekula. Wamekula wote, na wanataka waongezwe."

Nikasubiri kidogo. Kisha nikainuka nikakwangua sufuria.